Zamu ya Wanaume Kinamasini

Watu wa Kenyenya wakitaka kunisifu husema Drusilla ni mke mwenye heshima. Sifa hiyo inaniuma kama jipu. Nimeisikia kanisani, nimeisikia soko la Masimba, nimeisikia hata matangani, na kila nikiisikia naangalia chini. Wao wanadhani ndio unyenyekevu wenyewe. Basi leo nitasema ilivyokuwa, maana baba mkwe wangu ameshapumzika na hakuna atakayeumizwa na maneno haya ila mimi.

Nilipoolewa katika boma la mzee Onchiri mwaka wa 1966, chini ya shamba lake hapakuwa na kinamasi tena. Palikuwa na mikaratusi. Ardhi ilipopimwa na kila mtu akapewa namba yake, mzee aliona aibu kuonekana anamiliki matope. Akachimba mfereji wa kutoa maji, akapanda mikaratusi bonde zima, na ile miti ikanywa maji mpaka ikamaliza. Udongo ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Chini ya miti hapakuota hata jani moja la kumpa mbuzi. Sisi wake wa boma tulipaita Jangwani, kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa na uchungu kwa sababu chemchemi yetu ilikauka pamoja na bonde. Nilikuwa nikiteka maji ng'ambo ya kilima, mtungi kichwani, mwanangu Joash mgongoni, na njia nzima naitukana mikaratusi.

Ndege nao walihama. Zamani korongo wenye taji walishuka pale makumi kwa makumi, wakicheza na kurukaruka utadhani wamealikwa harusi. Mimi niliwakuta wamebaki wawili. Walipita juu asubuhi, wakalia, wakaona hakuna pa kukanyaga, wakaenda zao.

Aliyeanzisha habari ya kujitolea ni Mwalimu Odero, mtu wa kule ziwani aliyeletwa kufundisha sayansi katika shule yetu. Mwaka wa 1972 aliita watu shuleni akawaambia kwamba miti ile ikikatwa na mfereji ukizibwa, maji yatarudi, na korongo watarudi kutaga. Tusipofanya hivyo, alisema, watoto wetu watawajua vitabuni tu. Watu walicheka sana siku hiyo. Kujitolea tulikujua: kujenga madarasa, kujenga zahanati, kubeba mawe ya kanisa. Lakini kujitolea kwa ajili ya ndege? Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria chemchemi. Nikasimama mbele ya wazee wote, mimi mke wa kijana wao, nikamwomba baba mkwe atupe bonde lile, macho yangu yakiwa kwenye vidole vyangu vya miguu. Mume wangu Machogu alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hiyo hakukuwa na wa kunivuta nguo nikae.

Mzee Onchiri alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuna aliyewahi kumshika na neno la uongo, hata wale waliomtafutia. Aliinuka akashika fimbo yake. Kisha akasema, "Nawapa mpaka mwisho wa masika ya pili. Korongo wakiangua makinda hapa, kinamasi kitabaki kinamasi hata nikifa. Wasipoangua, narudisha miti yangu, na mtu asije kunililia maji."

Rika lake Onyancha, aliyekuwa shemasi na aliyezoea kupata miti ya kujengea kutoka bonde lile, alipiga goti lake kwa furaha. Kwake yeye bonde lilikuwa limesharudi kuwa la mikaratusi. Kwangu mimi ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe kuwa na jambo nililolianza mwenyewe katika boma lile, na nilijua wazi kwamba likishindwa, litashindwa kwa jina langu.

Tulijitolea watu kama ishirini. Miti ilikatwa, visiki vikachomwa, na kila vilipochipuka tulivikata tena. Tulizungusha tuta la udongo kuziba mfereji. Tulikwenda mbali kutafuta matete na mafunjo, tukayang'oa na mizizi yake, tukayapanda upya kwenye matope. Maji yalirudi polepole, kwanza unyevunyevu tu wa kulowesha unyayo, kisha yakafika kifundoni, kisha gotini.

Hapo ndipo palipozuka jambo ambalo Mwalimu Odero hakulifikiria. Huwezi kufanya kazi kwenye matope ya gotini na nguo zako zimeteremka kama za kanisani. Wanaume walivua wakabaki na kaptura, na wazee wengine na chupi tu. Wanawake tulikunja nguo mpaka mapajani. Na sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima inayomtenga mkwe na mkwe: mke wa kijana hamwoni baba mkwe mwili wazi, wala baba mkwe hamwoni yeye. Na baba mkwe si yule mmoja tu aliyemzaa mume wako. Rika lake lote ni baba zako wakwe. Ukivunja chinsoni hujavunja adabu tu, umeingiza balaa nyumbani, na kuisafisha ni kazi. Kwa hiyo tukagawana siku. Wanawake Jumapili na Jumanne. Wanaume Jumatatu na Alhamisi. Mwalimu alichora jedwali ubaoni akitikisa kichwa, akasema hajaona kazi moja inayofanywa na watu wasioonana. Tukamwambia atazoea.

Masika ya kwanza yalipita bila kitu. Korongo wale wawili walikuja wakatembea, wakala panzi, wakaondoka. Onyancha akawa ananisalimu kwa kuniuliza habari za watoto wangu wenye manyoya. Nilicheka naye, lakini usingizi wangu ulikuwa umeanza kupungua.

Masika ya pili, Aprili ya mwaka wa 1974, siku ya Jumanne, nilikuwa napandikiza mafunjo upande wa chini pamoja na Persis, mwenzangu wa kanisani, tukaona matete yamelazwa yakafanya kama mkeka juu ya maji. Juu ya mkeka kulikuwa na mayai matatu, meupe ya kuelekea bluu, yamechafuliwa na matope. Persis aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nikamshika mkono. Tulirudi nyuma bila kusema neno, tukaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Odero.

Mwalimu alifurahi, kisha uso wake ukabadilika. Akatukanya tusimwambie mtu yeyote, maana mayai yakijulikana kutakuwa na wa kuja kutazama, na wa kuja kutazama wakizidi, korongo ataacha kiota. Mwezi mmoja tu, alisema, mkinyamaza mwezi mmoja mtakuwa mmeshinda. Nikamuuliza vipi kuhusu baba mkwe. Akasema wanaume wanafanya kazi upande wa juu, kwenye tuta, hawana shughuli upande wa chini. Nikakubali. Sikupenda, lakini nikakubali, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa wasiwasi. Chakula nilikula bila kukijua ladha. Kunguru akitua bondeni nilikuwa nasimama kumtazama mpaka aondoke. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikaingia, na kila asubuhi niliona kichwa chenye taji kimetulia palepale katikati ya matete.

Jumatano ya wiki ya nne mvua ilinyesha mchana kutwa, ile mvua yetu ya radi inayofukua njia. Alhamisi asubuhi nilipanda kuchuma majani chai, haya ambayo sisi Wasabato tunayachuma na hatuyanywi, na kutoka pale juu nikaona tuta limebomoka. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mfereji wa zamani kwa kishindo. Sikushtuka sana, maana ilikuwa zamu ya wanaume na nilijua watalirekebisha. Niliwaona wakishuka wanne, mzee Onchiri mbele, hata Onyancha akimfuata rika lake, mapanga mikononi. Walisimama kwenye tuta wakaonyeshana, wakavua nguo, na kwa umbali ule niliona vivuli tu. Kisha badala ya kubaki pale, wakaanza kuteremka upande wa chini.

Nikaelewa papo hapo. Tuta lililobomoka haliwezi kuzibwa kwa udongo mtupu wakati maji yanakwenda. Linataka matete yaliyoshikana kwa mizizi, yakatwe vipande vipande kama matofali. Na matete yaliyoshikana vizuri yalikuwa upande wa chini peke yake. Tuliyapanda sisi wenyewe.

Niliangusha kikapu cha majani chai. Nani wa kumtuma? Mwalimu alikuwa amekwenda mjini Kisii kwa shughuli za shule. Mama mkwe alikuwa Nyanchwa, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Persis alikuwa kwao. Wale wanne bondeni wote walikuwa wazee wa rika moja, baba zangu wakwe wanne, na kila mmoja na chupi yake. Nikapiga kelele kutoka shambani. Nikaita kwa nguvu zote, mpaka koo likawaka, kwamba kuna mayai, wasiende huko.

Walinisikia, ila sauti tu, maneno yalimezwa na maji. Na mke wa kijana akiita kwa mbali wakati wanaume wako majini, kwetu maana yake ni moja: anatangaza kwamba anapita, wajisitiri. Wakajisitiri. Wakakimbilia ndani ya matete marefu, kulekule kwenye kiota, wakachuchumaa na kugeuza migongo kama wanaume wenye adabu zao. Nilipoona hivyo nilitaka kujipiga makofi. Kila nilipoita, walizidi kuingia ndani.

Nikaacha kuita, nikakimbia. Niliteremka kilima kile nikianguka na kuinuka, majani chai yakinichana miguu. Nilikuwa nasema na Mungu maneno yasiyo na mpangilio, kama mtoto anayeomba asichapwe. Nilipofika ukingoni mwa matope nikasimama, kwa sababu hatua moja zaidi ningewaona.

Nikageuka. Nikawapa mgongo, nikakunja nguo kidogo, nikaanza kuingia kinamasini kinyumenyume.

Msicheke. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, kwamba ikikulazimu kuwafuata wakwe zako pasipo na heshima, nenda kinyumenyume, macho yako yawe ulikotoka. Nilikuwa na hakika ninakijua kiota kilipo. Niliona nitakipita kwa mbali, nisimame katikati yao na kiota, niwaambie. Lakini mvua ilikuwa imeinua maji na kulaza matete, na mtu anayeenda kinyume bonde linamgeukia. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Kuna mayai hapa, wazee wangu, msisogee, kuna mayai," na kishindo cha maji kikinirudishia maneno. Sauti ya Onyancha ikauliza nasema nini. Nikasogea tena ili anisikie.

Korongo akaruka karibu kabisa na kisigino changu. Mabawa yake yalinipiga mgongoni, akalia ile sauti yake nzito, na moyo wangu ukaruka naye. Nilibaki na mguu mmoja juu. Hapo mzee Onchiri akasimama katika matete. Sikumwona, nilijua kwa maji yaliyomwagika kutoka mwilini mwake na kwa sauti iliyotoka juu.

"Geuka," alisema. "Mama Joash, geuka utazame chini."

Miaka minane nilikuwa katika boma lake na hakuwahi kunipa amri bila kuipitisha kwa mkewe. Sasa alikuwa amesimama, uchi isipokuwa kipande cha kitambaa, baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, ananiita nigeuke nimtazame. Alikuwa ameshavunja chinsoni upande wake. Alikuwa ameivunja kwa makusudi, akijua bei yake, na alichohitaji ni mimi niivunje upande wangu kwa muda wa kupepesa jicho. Nilielewa. Naapa nilielewa, wala sitasingizia kelele za maji. Lakini shingo ilikataa. Kila kitu nilichofunzwa tangu nikiwa msichana kilinishika shingo kikasema hapana. Kwa aibu nikatafuta pa kuuweka ule mguu niondoke mbele yake upesi, nikauweka nyuma yangu.

Kitu kikavunjika chini ya unyayo, chembamba, kisha kingine. Vuguvugu likapanda kati ya vidole.

Nilitazama chini, sasa nikiruhusiwa kutazama maana ulikuwa mguu wangu mwenyewe. Yai la tatu lilikuwa limebingirika majini likazama. Katika yale mawili hamkuwa na ute. Mlikuwa na makinda, yameloa, yamekunjamana, macho yamefumba, na moja lilifungua mdomo mara mbili halafu likaacha. Siku tatu nne zilibaki, Mwalimu alituambia baadaye. Sikulia. Nilikaa nikitazama mguu wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Wale wengine walikuwa bado wamechuchumaa, nyuso zao upande wa ng'ambo, hawakuona kitu. Kisha mzee akasema kwa sauti ndogo, ya mimi peke yangu, "Nenda nyumbani, oga miguu. Usiseme kitu. Ukiulizwa, hukufika hapa kiotani."

Nikaenda, macho mbele, bila kumwona mpaka mwisho.

Jumapili tulikutana darasani kwa Mwalimu Odero, watu wote wa kujitolea. Mwalimu alikuwa amekonda kwa siku tatu. Onyancha hakuwa na haraka. Alieleza vizuri, kwa upole hata, kwamba makinda hayapo, masika yanaisha, na neno la Onchiri linajulikana na kila mtu: miti irudi. Alikuwa ameshatengeneza kitalu cha miche. Nilikuwa nimeketi nyuma na wanawake, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilitaka kusimama niseme. Nilipanga maneno. Nikajua pia kwamba nikiyasema, kinamasi kimekwisha, kwa kuwa hapo korongo watakuwa wameshindwa kwa mguu wa yuleyule aliyewaombea.

Mzee Onchiri akasimama.

"Masharti niliyaweka mimi," alisema. "Nilisema ndege wasipoangua. Ndege hawakushindwa, walifanya yao yote. Aliyekanyaga mayai ni mimi. Nilishtuka korongo aliporuka, nikarudi nyuma bila kutazama. Mtu hawezi kuweka masharti halafu ayavunje kwa mguu wake mwenyewe na kudai ameshinda. Nawapa tena masika mawili."

Onyancha alimtazama rika lake, akainua mikono, akakaa. Nani angebishana naye? Onchiri hasemi uongo. Nami nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, nafasi ndefu, na mke wa kijana hampingi baba mkwe mbele za watu. Ndivyo nilivyojiambia. Kwa mara ya pili katika juma moja nikajificha ndani ya heshima.

Habari ikaenea ikiwa imegeuzwa hivyo. Mzee akawa anataniwa kila aendako, wazee wenzake wakimwuliza kama ametazama anapokanyaga. Mimi nikasifiwa. Hata siku ile ya balaa, walisema, Drusilla aliingia kinamasini kinyumenyume, mke mwenye heshima hadi mwisho. Akina mama walinitolea mfano kwa binti zao.

Korongo wale wawili walijenga tena mwezi wa Mei, upande wa pili, na kabla Juni haijaisha walitoka matetini na makinda mawili ya rangi ya majani makavu. Shule nzima ilipelekwa kutazama kutoka mlimani. Mwalimu Odero alilia mbele ya wanafunzi wake bila haya. Chemchemi ilikuwa na maji. Nilikuwa nimepata kila nilichokiomba.

Sabato ya mwisho ya mwezi huo ilikuwa ya Meza ya Bwana, ambayo kwetu huja mara moja kila robo ya mwaka. Kabla ya mkate, sisi hutawadhana miguu: wanaume hutoka upande wao, wanawake upande wao, kila mmoja akishika mguu wa mwenzake. Asiye na amani moyoni hukaa. Kwa kawaida mzee Onchiri ndiye aliyetangulia kuinuka na beseni. Siku hiyo aliketi. Wanaume walitoka wote, Onyancha akamgusa bega akidhani amesinzia, naye akatikisa kichwa. Akabaki peke yake kwenye benchi la wazee, mikono juu ya magoti, akitazama madhabahu. Hakushiriki siku hiyo, wala robo iliyofuata, na mwaka ulipoisha alijiuzulu uzee wa kanisa akisema macho yake yamechoka.

Mimi nilitoka na wanawake. Persis alipiga magoti mbele yangu na beseni. Akanishika mguu wa kulia, akaumwagia maji kwa mkono, akausugua taratibu katikati ya vidole. Akainua uso akiwa anatabasamu, akaniambia anamshukuru Mungu kumpa bahati ya kuosha miguu ya mwanamke kama mimi. Nikamwachia mguu auoshe mpaka amalize.